Salio limepanda, lakini faida ni ngapi?

Unauza madafu Mama Ngina Drive, Kizingo. Januari 1 ulikuwa na Sh20,000 kwenye mfuko wa uwekezaji. Julai 1 ukaongeza 12,000, Oktoba 1 ukatoa 4,000 za karo. Mwisho wa Desemba salio ni 30,000. Asilimia 50? Wapi! Nyingi ni pesa zako mwenyewe.

Umeweka 28,000 kwa jumla, kwa hivyo faida ni 2,000. Sasa angalia muda (tarehe ziko kwenye stetimenti ya M-Pesa): 12,000 zilikaa nusu mwaka, zihesabu 6,000; 4,000 zilikosekana robo mwaka, punguza 1,000. Mtaji wa wastani ni 25,000, na faida ni asilimia 8, kodi ishakatwa.

Kabla hujahamia mfuko unaotangaza 10, toa kodi ya KRA ya asilimia 15 kwenye riba: inabaki 8.5.