Injini na Breki za Goti: Kumrejesha Uwanjani Mwanamichezo Aliyeumia

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa kwa barabara kuu hupita Ruaha Mbuyuni, penye joto kali, mibuyu na mashamba ya vitunguu kando ya Mto Ruaha Mkuu. Kisha hukabiliana na mlima wa Kitonga. Madereva wa malori husema kwamba kupanda Kitonga huchosha injini, bali kushuka huchosha breki. Mwalimu wa michezo atakaye kueleza habari za goti lililoumia hana haja ya kutafuta mfano mwingine.

Msuli mkubwa wa mbele ya paja ndio injini ya goti, na ndio breki yake. Mtu apandapo, msuli huo hufupika ukiusukuma mwili juu. Ashukapo, hurefuka hali umekaza, ukiuzuia mwili usiporomoke. Kazi hii ya pili haipandishi pumzi sana, lakini huutia msuli mkazo mkubwa. Nayo ndiyo itakiwayo mchezaji anapotua baada ya kuruka, au anaposimama ghafla ili ageuke na mpira.

Tumfikirie mwanafunzi aliyeteguka goti katika mechi. Kano zishikazo mifupa zimechanika kidogo, na goti limevimba. Neva za goti lililovimba hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, nao hupunguza amri ziendazo kwenye msuli wa paja. Kijana akijaribu kuukaza, hauitikii sawasawa. Huo si uvivu. Baada ya wiki chache paja huwa limepungua. Lipime kwa utepe wa fundi cherehani, ulinganishe na lile zima, utaona tofauti.

Kwa hiyo ni kosa kumlaza tu mpaka maumivu yaishe. Ni kosa pia, tena la kawaida mno vijijini na mijini, kulikanda goti kwa maji ya moto na kulichua kwa nguvu siku ile ile ya kuumia, kwani huweza kuongeza uvimbe. Kitambaa cha maji baridi, bandeji isiyobana mno na mguu ulioinuliwa hufaa zaidi. Asiyeweza kukanyaga, au ambaye goti lake limekwama au kupinda vibaya, apelekwe hospitali bila kukawia. Mganga akiridhika kwamba hakuna mfupa uliovunjika, mazoezi huanza kitandani: kunyoosha goti na kukaza paja, mara kadhaa kwa siku.

Uvimbe hupungua kwa siku; nyuzi mpya za kano hujengwa kwa wiki; kuimarika kwake huchukua miezi. Nyuzi hizo mwanzoni hukaa ovyo ovyo, na hujipanga vema kwa kufuata mvuto zinaoupata. Ndiyo sababu mzigo huongezwa kidogo kidogo: tambarare kwanza, kisha kupanda, na mteremko mwisho. Aliyepasuliwa na kutengenezewa kano ya ndani ya goti, wataalamu wa leo humshauri asirudi katika mechi kabla ya miezi 9.

Lakini kuna breki nyingine, nayo imo kichwani. Kijana hutembea vizuri, ila akiuona mpira hufupisha hatua na kuutegemea mguu mzima, akauhatarisha nao. Wenzake humwita mwoga. Nyumbani mmoja atasema kuna mkono wa mtu. Wakati huo huo amepoteza nafasi katika timu, na pengine jina alilojulikana nalo shuleni. Asiachwe peke yake darasani wakati wa mazoezi. Apewe saa ya kupimia muda, aandike matokeo, na matokeo yake mwenyewe ayaandike pia. Kisha airudie hatua ile ile iliyomwumiza, polepole, hata mwili wake uizoee upya.

Watanzania wengi wanamjua John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City, alianguka katika marathoni, akaumia goti na bega, na bado akamaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tunalisimulia hilo kila mara, na kwa haki. Hata hivyo simulizi hiyo peke yake yaweza kumpotosha kijana, akadhani ushujaa ni kuukimbilia mguu mbovu. Ni wachache wakumbukao kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari alikuwa wa 5 katika marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Mwanafunzi aliyeumia angesimuliwa habari hiyo kwanza.

Siku ya kumruhusu acheze isiamuliwe na kalenda pekee. Asimame kwa mguu ulioumia, afumbe macho, aonekane kama anayumba kuliko kwa mguu mwingine. Aruke kwa mguu mmoja, umbali upimwe kwa utepe. Ulioumia ufikie walau sehemu 9 katika 10 za ule mzima, na goti lisivimbe kesho yake. Halafu aulizwe, faraghani, kama yu tayari. Akisita, apewe wiki nyingine.