Dirisha Jipya la Nyumba ya Mfanyakazi

Wengi wetu tukipata fedha kidogo ya kutengeneza nyumba tunaanza na dirisha. Mbao zimeoza, bawaba zimelegea, mvua inafika kitandani. Fundi naye anakuja akisifu vioo. Kabla ya kukubali, tumwulize jambo moja: dirisha hilo likifunguliwa, hewa itapita kiasi gani?

Dirisha la aluminiamu la kusukuma linapendeza, lakini lenye vioo viwili hufunguka nusu tu, kwa maana kioo kimoja hujificha nyuma ya mwenzake. Lile bovu la mbao lilifunguka lote. Basi mtu ametoa akiba ya miezi mingi akanunua joto! Tena si joto peke yake. Kifua kikuu huambukizwa kwa hewa, na chumba cha watu sita kisichopitiwa na upepo ni cha hatari. Dirisha la bawaba hufunguka lote. La luva hufunguka karibu lote, na kioo kimoja kikivunjika unanunua hicho kimoja. Ubaya wake ni vumbi, na mwizi anaweza kuchomoa vioo kimya kimya. Ndiyo sababu watu hutia nondo. Lakini chumba cha kulala kiwe na nondo zinazofunguka kutoka ndani, maana moto ukianzia mlangoni hakuna njia nyingine ya kutoka.

Kuhusu wavu wa mbu, wengi hukosea. Dirisha linalofungukia nje likipigiliwa wavu kwa ndani, mkono utafikaje kwenye komeo? Wavu uwe na fremu yake yenye bawaba. Tena, wavu wa dirisha peke yake hautoshi: mbu wa malaria wengi hupitia ile nafasi kati ya ukuta na paa. Huko Gambia, utafiti uliotangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani, na nafasi ile ikazibwa, mbu walipungua kwa zaidi ya nusu. Mwenye fedha kidogo aanze huko juu, kioo kingoje.

Fundi apime tundu juu, katikati na chini, afuate kipimo kidogo, kwani kuta zetu hazikunyooka. Akitaka kulipanua, linta iongezwe urefu, la sivyo ukuta utapasuka.

Hayo ni ya nyumba zetu wenyewe. Nyumba ya kampuni ni habari nyingine. Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa namba 110 wa mwaka 1958, unaohusu wafanyakazi wa mashamba makubwa, unataja uingizaji wa hewa miongoni mwa mambo ambayo nyumba zao ziwekewe kipimo. Kwa hiyo dirisha bovu la kambini ni jambo la kupeleka mezani kwa mwajiri, si la kumaliza mshahara wako. Mwenzetu mmoja katika kamati alitia madirisha mawili kwa fedha yake, kisha akahamishwa kambi. Madirisha yalibaki, naye hakuwa na karatasi hata moja ya kudai. Anayeona hawezi kungoja, kwanza apate kibali cha maandishi kinachosema dirisha ni la nani siku ya kuhama, atunze risiti, na nakala moja ampe mjumbe wa chama.