Ufa Uulizwe Kwanza

Mji wetu wa Bukavu umejengwa juu ya vilima vishukavyo hadi Ziwa Kivu. Mtu akitaka kuongeza chumba hukata udongo upande wa juu, akaumwaga upande wa chini. Basi nusu ya chumba hukaa juu ya ardhi imara, na nusu juu ya kifusi. Kifusi kisiposhindiliwa vema hushuka, na sakafu hukifuata.

Tulimtembelea jamaa mmoja wa Kadutu aliyewajengea watoto wake chumba. Vigae alikwisha kuvinunua kwa akiba ya mwaka mzima. Lakini sakafu mpya ilikuwa imeshuka vidole viwili, tena yenye ufa. Fundi alitaka kuisawazisha siku ile ile. Mama wa nyumba akamwuliza: «Fundi, ufa huu umekoma kutembea?»

Swali hilo lina hekima. Ufa waweza kuwa wa zamani, kama zile zilizoachwa na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, huo huzibwa. Lakini ufa unaotembea utapasua saruji na vigae pia. Ndiyo sababu walichora alama mbili, moja kila upande wa ufa, wakapima nafasi iliyo kati yake na kuandika tarehe. Baada ya mvua walipima tena: nafasi imeongezeka! Kumbe maji ya paa yalikuwa yakiingia chini ya msingi. Wakachimba mfereji wa kuyapeleka mbali. Majira ya mvua yaliyofuata, alama hazikusogea.

Hapo ndipo kazi ya sakafu ilipoanza. Fundi aliigongagonga, akaondoa sehemu zilizolia mvungu, akaisafisha, akailowesha na kuipaka uji wa saruji. Kisha akamwaga mchanganyiko wa ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 4 za mchanga, akiufuatisha uzi na pimamaji. Penye kiungo cha nyumba ya kale na chumba kipya aliacha mwanya, wala hakupitisha kigae juu yake. Sakafu ilitunzwa na unyevu siku 7, ikaachwa ikauke hata siku 28 zikatimia. Ubao wa mita 2 ulipolazwa juu yake, hapakuonekana pengo lipitalo milimita 3.

Vigae vilingoja mwaka mzima chini ya kitanda, lakini hakuna hata kimoja kilichopasuka. Nasi twasema: kigae hakiponyi sakafu, hukionyesha tu kile kilicho chini yake.