Kabla ya Kulipia Shahada ya Tiba ya Mazingira Asilia

Tiba ya mazingira asilia ni huduma ambayo mtaalamu wa ushauri nasaha au saikolojia humpatia mteja nje ya ofisi: msituni, bustanini, kando ya maji au katika safari ya nyikani. Msingi wake wa kitaalamu upo. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo kuhusu wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolazwa kwenye vyumba vyenye dirisha la kutazama miti walitoka hospitalini mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Huko Alnarp, Uswidi, Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo kilianzisha bustani maalumu ya kuwahudumia watu waliochoshwa na msongo wa kazi.

Tatizo linaloletwa ofisini kwetu halihusu tiba yenyewe, bali jina la mafunzo. Chini ya jina moja huuzwa vitu viwili. Cha kwanza ni shahada ya uzamili ya ushauri nasaha, ambayo mazingira asilia ni mkondo wake tu. Mhitimu husomea magonjwa ya akili, maadili ya kazi na mbinu za tiba kama mshauri mwingine yeyote. Cha pili ni cheti cha kuongoza matembezi ya msituni, kinachopatikana kwa wiki au miezi michache. Cheti hicho kina manufaa yake, ila hakimpi mwenye nacho idhini ya kutibu sonona. Kipeperushi kinachoviita vyote viwili "mafunzo ya tabibu" kinampotosha mnunuzi. (Picha za milima katika vipeperushi hivyo ni nzuri mno, tunakiri zimewahi kutuvutia hata sisi.)

Njia ya haraka ya kuvitofautisha ni kuuliza saa za mafunzo kwa vitendo. Nchini Marekani, programu ya ushauri nasaha yenye ithibati ya CACREP hudai angalau saa 700 za vitendo chini ya msimamizi, na kati ya hizo 280 ziwe za kumhudumia mteja moja kwa moja. Mwanafunzi anayesoma kwa mtandao akiwa Arusha atazipata wapi saa hizo, na chini ya msimamizi gani? Chuo kisichoweza kujibu swali hilo kwa maandishi kabla ya kupokea ada hakijajiandaa kumpokea mwanafunzi huyo.

Jambo la pili ni leseni. Chuo cha Marekani hutoa shahada. Leseni hutolewa na jimbo, tena baada ya mhitimu kufanya kazi chini ya usimamizi kwa muda. Leseni ya jimbo moja haivuki bahari. Kwa anayetaka kurudi nyumbani, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo yenye jukumu la kutambua tuzo za vyuo vikuu vya nje, na ni vema kuwasiliana nayo kabla ya kujiandikisha, si baada ya mahafali. Anayekusudia kufanya kazi Kenya azingatie kwamba huko ipo Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayotaka watoa huduma hiyo wasajiliwe.

Kuhusu fedha, omba kanuni za kurejeshewa ada zikiwa zimeandikwa, pamoja na gharama ambazo aghalabu hazimo katika ada: safari za mafunzo ya nyikani, vifaa, bima na kozi ya huduma ya kwanza. Mwombaji akishalipa, atunze stakabadhi, barua ya udahili na nakala ya tangazo lililomvutia, kwa kuwa tangazo huweza kubadilishwa wakati wowote, nasi tunapochunguza lalamiko huanza na kile alichoahidiwa siku alipolipa.