MABOMBA YA BANI: LIPI LIZIBWE NA LIPI LIBADILISHWE

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku ya mvuke, kama vile vyama vya Tabora, Urambo, Kaliua, Sikonge, Kahama na Chunya. Shabaha yake ni kumwezesha katibu na mwanachama kutambua, wakati wa kiangazi ambapo bani ni tupu, bomba linaloweza kuzibwa na bomba ambalo halina budi kubadilishwa. Bomba likiachwa hadi lijitangaze lenyewe, litajitangaza katikati ya msimu, bani likiwa limejaa majani ambayo tayari yana deni la mbolea juu yake.

Kazi ya bomba

Tumbaku ya moshi, inayolimwa Songea na Namtumbo mkoani Ruvuma, huning'inizwa juu ya moto wa kuni, na moshi ule ndio unaoipa harufu yake. Kanuni ya tumbaku ya mvuke ni kinyume cha hiyo: joto liingie, moshi usiingie. Moto huwashwa katika tanuru ambalo mdomo wake uko nje ya ukuta. Joto na moshi hupita ndani ya mabomba ya bati yaliyolazwa karibu na sakafu, huzunguka bani, kisha moshi hutokea katika dohani. Bati la bomba ndilo mpaka pekee kati ya moshi na jani.

Joto hilo hupandishwa kwa hatua. Siku za kwanza jani hugeuzwa kuwa la njano kwa nyuzi 35 hadi 40 hivi za Sentigredi. Kisha joto hupandishwa taratibu hadi nyuzi 55 hivi ili ubapa wa jani ukauke, na mwisho hufikishwa karibu nyuzi 70 ili mshipa wa kati ukauke. Kazi yote huchukua siku 5 hadi 7. Mkulima hawezi kuzifuata hatua hizi ikiwa joto analolilipia kwa kuni linapotea njiani, au ikiwa upande mmoja wa bani una joto na upande wa pili umepoa.

Hasara za bomba bovu

Hasara ya kwanza ni ya daraja. Jani lililopitiwa na moshi hupata harufu na madoa ambayo hayatoki, na mchaguzi sokoni hulitambua mara moja. Kuna jambo jingine lililo chini ya hilo, lisiloonekana kwa macho. Hewa zitokazo katika moto, zikikutana na jani linalokauka, husaidia kuzalisha kemikali ziitwazo nitrosamini, ambazo baadhi yake husababisha saratani. Kwa sababu hiyo wakulima wa Marekani waliokuwa wakikausha kwa vichomeo vya gesi vilivyopuliza hewa ya moto moja kwa moja juu ya majani walianza, karibu na mwaka 2000, kufunga vyombo vya kutenga hewa ya moto na hewa ya bani. Bomba zima la mkulima wetu linafanya kazi hiyo hiyo. Likitoboka, utengano huo umekwisha.

Hasara ya pili ni ya kuni. Bomba lililoshuka au lenye matundu huharibu mvuto wa hewa, mkulima akalazimika kuongeza magogo ili kupata joto lile lile. Magogo hayo hutoka katika misitu ya miombo ambayo kila mwaka inazidi kuwa mbali na mabani.

Hasara ya tatu ni moto. Mwishoni mwa kukausha majani ni makavu kama karatasi. Cheche moja ikipenya katika tundu la bomba, au jani likianguka juu ya kipande kilichowiva kwa moto, bani zima huweza kuteketea kwa muda mfupi. Pale ambapo wanachama wamedhaminiana mkopo, deni la mazao yaliyoungua haliungui pamoja nayo. Linabaki mabegani mwa kikundi.

Hasara ya nne ni ya uhai. Katika moshi wa kuni mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na humlewesha mtu kabla hajatambua. Mtu anayechochea moto usiku asilale ndani ya bani hata siku za baridi. Anayetaka kuingia akague majani afungue kwanza mlango na madirisha ya hewa, na awe na mwenzake nje. Akisikia kichwa kinamuuma au kizunguzungu, atoke mara moja.

Sababu za bomba kuharibika

Wengi huuliza bomba hudumu miaka mingapi. Swali hilo halina jibu moja. Mabani mawili yaliyojengwa mwaka mmoja, kwa bati la aina moja, huweza kutofautiana sana kwa sababu ya matunzo. Maadui wa bomba ni watatu.

Adui wa kwanza ni moto mkali. Kipande kilicho karibu na tanuru hupata joto kupita vingine, na chuma chake hubambuka magamba mwaka hata mwaka hadi kikawa chembamba. Bati la kuezekea, ambalo baadhi ya watu hulikunja kuwa bomba ili kupunguza gharama, halifai mahali hapo. Ni jembamba, na zinki inayolikinga na kutu huyeyuka ifikapo nyuzi 420 hivi.

Adui wa pili ni masizi. Masizi yaliyobaki ndani ya bomba hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo ukichanganyika nayo hufanya maji makali yanayokula chuma. Kwa hiyo bomba huliwa hata wakati limelala.

Adui wa tatu ni mvua. Katika mikoa yetu ya magharibi mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Paa linalovuja juu ya bomba, dohani isiyo na kofia, na sakafu inayoingiza maji, vyote huleta kutu upande wa chini wa bomba, mahali ambapo macho hayafiki kwa urahisi.

Dalili wakati wa kukausha

Mwanachama na aandike dalili hizi anapoziona, kwa maana baada ya msimu husahauliwa:

(a) Moshi kutoka katika madirisha ya hewa ya juu ya bani badala ya dohani.
(b) Majani ya tabaka la chini kuwa na harufu ya moshi au weusi, hasa juu ya kiungo kimoja cha bomba.
(c) Vipimajoto vya pande mbili za bani kutofautiana sana ingawa madirisha yote yamefungwa sawasawa.
(d) Kuni kuongezeka kuliko msimu uliopita kwa bani lile lile na ujazo ule ule.
(e) Nuru ya moto kuonekana katika ubavu wa bomba wakati wa usiku. Dalili hii haingoji mwisho wa msimu. Moto upunguzwe, na bani lisijazwe tena kabla ya kipande hicho kuondolewa.

Dalili zinazopotosha

Si kila tatizo la bani ni la bomba. Moshi unaorudi nyuma na kutoka katika mdomo wa tanuru mara nyingi unaonyesha kwamba dohani imeziba kwa masizi au kiota cha ndege, au kwamba kuni ni mbichi. Fagia kwanza, kausha kuni, kisha uangalie tena. Majani yanayochelewa kukauka huweza kutokana na madirisha ya hewa yaliyofungwa mno, hata unyevu ukakosa njia ya kutoka, au fito zilizobanana kupita kiasi. Joto linaloshuka usiku huweza kutokana na ufa wa ukuta au mlango usiofunga. Chama kinachonunua bomba kwa ajili ya bani lenye ukuta wenye ufa kitakuwa kimetumia fedha na ugonjwa kuuacha palepale.

Vipimo vinne vya kiangazi

Vipimo hivi havihitaji chombo cha gharama. Vifanywe baada ya bomba kupoa kabisa na kufagiwa.

Kipimo cha kwanza ni cha nuru. Funga mlango na madirisha ili bani liwe giza. Mtu mmoja aingize tochi iliyofungwa kwenye ufito mrefu kupitia mdomo wa tanuru, na mwingine akae ndani atazame. Kila tundu, hata dogo kama la sindano, litang'aa. Weka alama kwa chokaa. Vipande ambavyo ufito haufiki vifunguliwe na kutazamwa kimoja kimoja kuelekea jua, na kila kimoja kigeuzwe ili upande wa chini uonekane.

Kipimo cha pili ni cha mlio na msumari. Gonga bomba kwa kijiti kuanzia tanuru hadi dohani. Bati zima hulia kwa sauti kali. Bati lililoliwa hutoa sauti iliyofifia na kudondosha magamba. Mahali penye sauti hiyo, kandamiza ncha ya msumari kwa nguvu ya mkono tu. Msumari ukipenya, bati hilo limekwisha, hata kama kwa nje linaonekana zima.

Kipimo cha tatu ni cha mwinuko. Bomba linapaswa kupanda kidogo kidogo kutoka katika tanuru hadi kwenye dohani. Vuta uzi wa mwashi pembeni mwake. Pale lilipobonyea kati ya nguzo zake, masizi hukusanyika na hewa husita. Kama bati ni zima, inua nguzo. Kama limebonyea kwa sababu limelegea kwa moto, libadilishwe.

Kipimo cha nne ni cha moshi. Bani likiwa tupu, washa nyasi mbichi kidogo katika tanuru, kisha funika dohani kwa gunia bichi kwa muda mfupi. Tazama ukiwa mlangoni, bila kuingia, ni viungo vipi vinavyotoa moshi. Ondoa gunia, na uache bani lipate hewa kabla ya mtu yeyote kuingia.

Kuziba au kubadili

Baada ya vipimo hivyo uamuzi huwa mwepesi. Moshi ukitoka katika viungo tu, na bati likiwa zima, bomba lizibwe. Vipande viingiane vizuri, ribiti zilizong'oka zirudishwe, na kiungo kikandikwe udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga ili usipasuke. Tundu moja lililotokana na pigo, huku bati linalolizunguka likilia vizuri, laweza kuwekwa kiraka cha bati kilichopigwa ribiti.

Lakini kiraka hushika penye bati zima tu. Palipo na matundu mengi madogo, au msumari umepenya, kiraka kitang'oka pamoja na bati lililokishika, na pengine bani likiwa na moto. Kipande hicho kibadilishwe. Ikiwa ni kipande cha karibu na tanuru peke yake, hakuna haja ya kuondoa bomba zima. Kiwekwe kipya cha chuma kinene kuliko vingine, au njia ya matofali ya kuchoma. Ikiwa vipande vilivyoshindwa vimetawanyika toka mwanzo hadi mwisho, basi bomba lote limechoka pamoja, na kubadilisha kimoja kimoja kila msimu kutagharimu zaidi kuliko kubadilisha yote mara moja.

Bomba jipya liwashiwe moto mdogo bani likiwa tupu, ili mafuta yaliyo juu ya bati yaungue na viungo vikauke. Wavu wa waya urudishwe juu ya bomba kuzuia majani yanayoanguka.

Kazi ya katibu

Ndugu Katibu, ukaguzi wa mwanachama mmoja humfaa yeye. Ukaguzi ulioandikwa hufaa chama kizima. Fungua daftari la mabani. Kila bani lipewe namba, na mbele yake yaandikwe: jina la mwenye bani, idadi ya vipande vya bomba, tarehe ya kufagiwa, matokeo ya vipimo vinne, na uamuzi: zima, lizibwe, kipande kibadilishwe, au bomba lote libadilishwe.

Masizi yafagiliwe mara tu bani la mwisho linapofunguliwa, yasingoje. Kamati ipite kukagua mwezi Mei au Juni, ikiwezekana pamoja na Bwana au Bibi Shamba. Hesabu ya vipande iwe tayari kabla ya makisio ya pembejeo kupelekwa, ili mabomba yaombwe kwa idadi ya kweli. Chama chenye mabani 60 ambacho daftari lake linaonyesha vipande 25 vibovu kitaomba vipande 25. Kisicho na daftari kitaomba kwa kukisia, na mkopo wa mabati yasiyohitajika utakatwa katika malipo ya wanachama wale wale. Shehena ikifika, katibu na wajumbe wawili wapime unene wa bati na upana wa vipande kabla ya kutia sahihi hati ya kupokelea mali.

Mwisho, majina ya wenye mabani yaliyoandikwa "bomba lote libadilishwe" yasomwe katika mkutano wa wanachama kabla ya msimu kuanza, bila ya kuwaaibisha, ili kikundi kinachowadhamini kijue na kiwasaidie. Bani hilo lisijazwe majani hadi katibu aandike katika daftari kwamba limekaguliwa tena.