Kwenda Loiyangalani kwa Pikipiki

Lami ya Isiolo hadi Marsabit haina neno. Kazi huanza ukiiacha lami Marsabit na kushuka jangwa la Chalbi, kupitia Maikona na North Horr hadi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana: zaidi ya kilomita 200 za mchanga na mawe. Pikipiki yangu huenda kilomita 30 kwa lita kwenye lami. Huko napiga hesabu ya 20, kisha naongeza dumu la lita tano.

Tairi ndizo ninazozihofia zaidi. Mchangani napunguza upepo ili tairi itanuke isizame. Nikifika kwenye mawe meusi ya volkano naujaza tena kwa pampu ya mkono, la sivyo tyubu itabanwa kwenye rimu na kupasuka. Jizoeze kubadilisha tyubu nyumbani, juani, peke yako.

Maji beba ya kutosha. Ya ziwani yana magadi. Mvua za Machi hadi Mei ziepuke kabisa, maana Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka na hugeuka tope.

Marsabit, ulizia polisi hali ya usalama. Ukiambiwa usubiri, tafadhali subiri.