Mtoto Ni Nani? Lugha na Upangaji wa Huduma za Watoto na Vijana Mjini Uvira

1. Utangulizi

Kila mpango wa huduma huanza kwa hesabu, na kila hesabu huanza kwa neno. Kabla komuni haijaamua idadi ya madarasa, mabomba ya maji au dozi za chanjo zinazohitajika, ni lazima ijulikane ni nani anayeitwa mtoto na ni nani anayeitwa kijana. Mjini Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, swali hilo hupita katika lugha zaidi ya moja. Sheria na mipango huandikwa kwa Kifaransa, lugha rasmi ya nchi. Mazungumzo na wakazi hufanyika kwa Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa na Katiba ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Majumbani husikika pia Kivira, Kifuliiru, Kibembe na Kirundi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mpango wa mtaa unavyosafiri kati ya lugha hizo, na jinsi baadhi ya watoto wanavyoweza kupotea njiani.

2. Ngazi za utawala

Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 kuhusu ugatuzi inatambua aina nne za serikali za mahali zenye nafsi ya kisheria: mji, komuni, sekta na sheferi. Teritwari haimo katika orodha hiyo. Yenyewe ni mkono wa serikali kuu. Teritwari ya Uvira ina sheferi tatu, yaani Bavira, Bafuliiru na Bonde la Ruzizi. Uvira yenyewe ilipewa hadhi ya mji kwa amri ya Waziri Mkuu ya mwaka 2013, ingawa utekelezaji wake ulikuja miaka kadhaa baadaye, mji ukagawanywa katika komuni za Kalundu, Mulongwe na Kagando. Chini ya komuni kuna mitaa, kama vile Kakombe, Kasenga, Kavimvira, Rombe na Songo. Chini ya mtaa kuna avenyu. Na chini kabisa yuko nyumbakumi.

Majina haya yanafundisha jambo. Meya, bugumestre, shefu wa avenyu: yote yametoka katika Kifaransa. Ngazi ya mwisho peke yake ndiyo yenye jina la Kiswahili kitupu, jina ambalo Watanzania pia wanalijua. Nyumbakumi ndiye anayebisha hodi, ndiye anayeuliza, na maneno yake ndiyo yanayozaa takwimu zitakazopanda ngazi hadi kwa meya.

Kuhusu fedha, sheria hiyohiyo inazipa serikali za mahali asilimia 40 ya fungu la mkoa katika mapato ya taifa. Fungu hilo limekuwa likifika kwa shida na kwa kuchelewa. Hivyo komuni hutegemea ushuru wa masoko, kodi ndogondogo na misaada ya wafadhili. Matokeo yake ni kwamba mpango huwa pia barua ya maombi. Msomaji wake wa kwanza ni mfadhili, na lugha yake ni ya mfadhili. Aidha, uchaguzi wa madiwani wa komuni uliofanyika Desemba 2023 uliishia katika miji mikuu ya mikoa, na Uvira haikuwamo. Mahali pasipo na diwani aliyechaguliwa, mazungumzo ya mtaani hubeba uzito ambao ungebebwa na baraza.

3. Hesabu bila sensa

Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika mwaka 1984, wakati nchi ikiitwa Zaire. Aliyezaliwa mwaka ule amekwisha kupita umri wa miaka 40, na huenda ana wajukuu. Tangu hapo, idadi ya wakazi hukadiriwa kutokana na daftari za mitaa na makadirio ya idara za afya. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inataka kila mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, lakini watoto wengi hawana cheti. Umri wao hujulikana kwa kauli ya mzazi tu.

Daftari zenyewe hazidumu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika ukabomoa maelfu ya nyumba. Familia zilihamia kwa jamaa, makanisani na mashuleni. Nyumba iliyoandikwa katika daftari haikuwapo tena, na mtoto wake alikuwa amelala katika nyumba ambayo haikumwandika.

4. Neno mtoto

Kwa sheria ya 2009, mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Katika Kiswahili neno hili lina maana mbili zinazoishi pamoja: mtu mwenye umri mdogo, na mtu aliyezaliwa na fulani. Maana ya pili haina kikomo cha umri. Kwa hiyo swali jepesi kama “Una watoto wangapi hapa nyumbani?” huweza kujibiwa kwa unyofu na bado likaiharibu hesabu. Mzee atamtaja mwanawe wa miaka 30 anayefanya kazi Bujumbura. Hatamtaja yatima aliyekuja kutoka Fizi, kwa kuwa huyo ni mtoto wa ndugu. Wala hatamtaja msichana anayesaidia kazi za ndani, kwa kuwa huyo ana kwao.

Kesi iliyo nzito zaidi ni ya msichana wa miaka 16 aliyejifungua. Siku ileile mtaa humpa jina la heshima: Mama Fulani. Lugha imekwisha kumpandisha cheo, na anayehesabu watoto hampati tena. Hali sheria inamweka mama wa namna hiyo miongoni mwa watoto wanaostahili ulinzi wa pekee. Heshima anayopewa na jirani ndiyo inayomnyima nafasi katika mpango wa kumrudisha darasani.

Sheria huwataja pia watoto walio “katika hali ngumu”: waliotupwa, wanaoombaomba, walioshtakiwa uchawi, yatima, walemavu. Ukiutafsiri usemi huo neno kwa neno mbele ya mkutano wa mtaa, kila mzazi atainua mkono, kwani ni nani asiye katika hali ngumu? Ukitumia neno la barabarani linalojulikana Kivu, maibobo, hakuna atakayeinua mkono, kwa maana hilo ni tusi. Neno la kwanza ni pana mno, la pili ni chungu mno. Kinachofaa ni swali la wazi: ni nani miongoni mwa walio chini ya miaka 18 halali kwa jamaa yake?

5. Neno kijana

Mkataba wa Afrika kuhusu Vijana wa mwaka 2006 unamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Ukiuweka kando ya sheria ya 2009, wenye miaka 15 hadi 17 wanaangukia pande zote mbili. Kila idara inaweza kudhani kwamba wenzake wamewashughulikia.

Matumizi ya kila siku yanaongeza ugumu. Isemwapo “vijana wa mtaa”, picha inayokuja kichwani aghalabu ni ya wanaume. Wa kike huitwa wasichana, na akiolewa huitwa mama. Ukiitishwa mkutano wa vijana jioni, saa ambayo wasichana wako kwenye foleni ya maji, ombi litakalotoka humo litakuwa uwanja wa mpira. Uwanja una haki yake. Lakini Uvira ni mji ambao kipindupindu kimeota mizizi, na madumu ya maji hubebwa hasa na wanawake na watoto. Bomba lililo karibu na nyumba ni huduma ya vijana, ingawa hakuna mpango unaoliita hivyo.

6. Neno bure

Ibara ya 43 ya Katiba inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni bure, na utekelezaji ulianza Septemba 2019. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazazi walikuwa wakiwalipa walimu “prime”, na aliyeshindwa kulipa alimwona mtoto wake akirudishwa nyumbani. Hata hivyo, katika Kiswahili “bure” ni kitu kisicholipiwa, na ni kitu kisicho na faida pia: amekwenda bure, amesema bure. Darasa likijaa kupita kiasi na mwalimu akikosa mshahara, maana ya pili huimeza ya kwanza. Mpango ungesema “elimu isiyolipiwa na mzazi”, ungeonyesha pia kwamba kuna mwingine anayepaswa kulipa.

7. Hitimisho

Vita vilivyoingia Uvira Desemba 2025 vilizitawanya tena familia, nyingine zikavuka hadi Burundi. Daftari za mitaa italazimu ziandikwe upya, na huo ndio wakati wa kurekebisha maswali. Mambo matatu yanawezekana bila gharama kubwa. Kwanza, swali la “watoto wangapi” liachwe, na mahali pake liulizwe: “Usiku wa jana walilala hapa watu wangapi ambao hawajatimiza miaka 18, pamoja na wageni, yatima, wasaidizi wa kazi na wasichana waliokwisha kuzaa?” Pili, wasichana waitwe kwa jina lao, kwa saa inayowafaa. Tatu, muhtasari wa mpango usomwe kwa Kiswahili mbele ya wakazi kabla haujatiwa sahihi. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 imekwisha kuzipa lugha za taifa nafasi shuleni. Hakuna sababu zikose nafasi katika ofisi ya komuni. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu zina wanafunzi wanaoweza kuyaandaa maswali hayo pamoja na nyumbakumi, avenyu kwa avenyu.